Kiti Hufa Kwenye Kiungo

Vitazame viti vibovu vilivyorundikwa nyuma ya ukumbi wowote wa shule, kanisa au ofisi, uvikague kimoja kimoja. Ni vichache vilivyokatika mguu katikati, na vichache zaidi vilivyooza. Vingi vina miguu mizima, egemeo zima na kikalio kizima. Palipoachia ni pale ubao mmoja ulipokutana na mwingine. Ubao wenyewe unaweza kubeba mzigo vizazi vitatu, lakini mkutano wa mbao mbili una umri wake, na umri huo huamuliwa na fundi siku ya kwanza, kwa kazi ambayo ikishakamilika haionekani tena. Hata hivyo, tukienda kununua samani tunauliza jina la mti, tunapapasa vanishi, tunasifu nakshi, tunavutana kwenye bei, na hatuulizi vipande vile vimeshikanaje. Hoja yangu ni kwamba kiungo ndicho samani yenyewe, na kwamba ufundi wa kuunga mbao kwa mbao unapotea katika miji yetu kwa sababu anayelipa hautazami. Mashine, fanicha za makontena na vijana wasiotaka kujifunza, ambavyo hulaumiwa kila siku, vina sehemu yake katika msiba huu, lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Ufundi huu ni wa kale kuliko watu wengi wanavyofikiri, na ushahidi wake wa zamani kuliko wote umepatikana jirani kabisa na sisi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchimbaji wa timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, kwenye maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, pale mto unapoitenganisha nchi hiyo na Tanzania kabla haujaingia Ziwa Tanganyika. Ndani ya mchanga uliojaa maji, uliozuia hewa na hivyo kuzuia uozo, yalikutwa magogo mawili yaliyokingamana, moja juu ya jingine. Gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo ili likae juu ya la chini bila kuteleza. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 476,000 hivi, yaani kabla binadamu wa aina yetu hajaonekana duniani. Hapakuwa na msumari wala gundi. Palikuwa na kiumbe aliyeelewa kwamba ukiondoa mbao kidogo mahali panapostahili, magogo mawili hushikana kuliko yalipokuwa mazima, na sijui fikra nyingine ya kiufundi iliyodumu muda mrefu kiasi hicho bila kuhitaji kusahihishwa.

Tangu hapo kilichobadilika ni usahihi. Karibu na Leipzig, Ujerumani, wanaakiolojia wamefukua visima vya wakulima wa miaka zaidi ya 7,000 iliyopita, vilivyojengewa kwa mbao za mwaloni zilizofungamana kwenye pembe, nyingine kwa ulimi uliopenyezwa kwenye tundu na kukazwa kwa kabari. Na waliozichonga hawakuwa na chuma, walikuwa na shoka za mawe. Misri, kaburi la Hetepheres, mama yake Farao Khufu, lilipofunguliwa Giza mwaka 1925, mbao za samani zake zilikuwa zimegeuka vumbi, lakini maganda ya dhahabu yaliyozifunika yalibaki yakionyesha kila kipande kilikutana wapi na kingine. Kwa ramani hiyo wataalamu waliweza kuunda upya kitanda, viti na fremu ya chandarua ambayo watumishi wa malkia waliweza kuifungua na kuifunga safarini. Dhahabu ilihifadhi umbo, lakini kilichowawezesha wataalamu kuirudisha samani ni mantiki ya viungo vyake.

Kiungo mama cha useremala ni ulimi na tundu. Ncha ya ubao mmoja hupunguzwa kwa msumeno hadi ubaki ulimi. Ubao wa pili hutobolewa kwa patasi tundu la kipimo kilekile. Ulimi huingia, na mabega yaliyobaki kandokando yake hukaa bapa juu ya uso wa ubao huo wa pili. Kanuni ya zamani inataka ulimi uwe theluthi moja ya unene wa ubao: ukiuzidisha, kuta za tundu hubaki nyembamba na kupasuka, ukiupunguza, ulimi wenyewe hukatika. Chukua ubao wa fremu ya kiti wenye unene wa sentimita 3 na upana wa 6. Ukiukata bapa na kuubandika kwenye mguu, gundi inapata eneo la sentimita 18 za mraba tu, tena kwenye kichwa cha ubao, ambako nyuzi zimekatwa na gundi hufyonzwa ndani kabla haijashika. Ukichonga ulimi wenye urefu wa sentimita 4 na upana wa 5, mashavu yake mawili yanakupa sentimita 40 za mraba za nyuzi zilizolala, ambako gundi hushika vizuri kuliko popote. Na gundi ni nusu tu ya habari. Mtu wa kilo 70 akiegemea nyuma mpaka miguu ya mbele ikainuka, uzito wake hugeuka nguvu ya kupindua inayoishia kwenye viungo viwili, pale ubao wa ubavu unapoingia kwenye mguu wa nyuma. Msumari huipokea nguvu hiyo kwa unene wa milimita chache, na kila mara unapoipokea hulitanua tundu lake kidogo. Ulimi huipokea kwa mwili wake wote ndani ya tundu, huku mabega yakizuia ubao usiyumbe.

Ipo hila moja ya kukaza kiungo hiki ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndiyo inayoonyesha fikra iliyomo katika kazi inayodharauliwa kuwa ya mikono tu. Fundi hutoboa kwanza tundu la kigingi kupitia kuta za mguu. Kisha huingiza ulimi, hutia alama juu yake kupitia tundu hilo, na kuutoa. Anapoutoboa ulimi, hatoboi penye alama. Husogea milimita moja au mbili kuelekea mabega. Matundu hayalingani tena, na ni kusudi. Kigingi cha mti mgumu, kilichochongoka kwenye ncha, kikipigwa nyundo hulazimika kujipinda ili kipite, na katika kujipinda huko huuvuta ulimi ndani hadi mabega yabane kwa nguvu inayodumu miaka mingi. Kiungo cha namna hiyo hakihitaji gundi. Kikilegea baada ya miaka arobaini, kigingi hupigwa kikatoka upande wa pili, kikachongwa kingine, na kiti kikarudi mezani jioni ileile.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ya kuunga mbao kwa mbao inatokana na tabia ya mti. Ubao hunywa na kutema unyevu wa hewa maisha yake yote, hata uupake vanishi mara tano. Kwa urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hupanuka na kusinyaa bila kukoma. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo si ajabu Zanzibar, Mombasa wala Tanga, huuacha ubao na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Upeleke penye unyevu wa asilimia 50, iwe Dodoma wakati wa kiangazi au ofisi ya Dar es Salaam inayowasha kiyoyozi kutwa, nao utashuka hadi kama asilimia 9. Kwa bao la mtiki lenye upana wa sentimita 50, lililopasuliwa kwa namna ya kawaida, tofauti hiyo ni takriban milimita 6. Kwa meza ya watu wanane ni zaidi ya sentimita moja. Ukishalipigilia bao hilo misumari pande zote za fremu, umelinyima nafasi ya kusogea, na kwa kuwa litasogea tu, litapasuka katikati au litaing'oa misumari. Ndiyo sababu meza nyingi za gharama zinazotoka pwani kwenda bara huchanika mwaka wa kwanza, na mteja akalaumu mti. Mafundi wa kale, wa pwani yetu na wa kwingineko, walilijibu tatizo hili kwa fremu yenye mfereji uliochimbwa upande wa ndani: bao la kati huchomekwa mferejini bila gundi, likaachiwa upenyo. Fremu, ambayo mbao zake ni nyembamba na hazisogei sana, hushika umbo la mlango au kabati. Bao la kati hupanuka na kusinyaa humo bila mtu kujua.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na elimu hii kwa viwango vyote vya maisha, na mfano bora kwangu si kiti cha mfalme, ni kitanda cha kamba, kwa kuwa kilikuwa cha kila mtu. Matendegu manne yana matundu. Mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni, vina ndimi. Vikishachomekwa tu, kitanda bado ni legelege, ukikisukuma kinayumba, na ukikiinua kinaweza kuachana. Kinachokikamilisha ni kamba. Kadiri kinavyowambwa, kamba huivuta mifumbati ielekeane na vitakizo vielekeane, na mvuto huohuo ndio unaozisukuma ndimi ndani ya matendegu. Mtu akilala, uzito wake unaongeza mvuto. Kwa hiyo mzigo ambao ungekilegeza kitanda cha misumari ndio unaokikaza hiki. Kamba ikichoka, hutolewa, kikawambwa upya, na viungo vikapata nguvu yao ya kwanza siku hiyohiyo, bila fundi kuitwa. Sidhani kama chuo chochote cha uhandisi kingeweza kuboresha wazo hilo kwa vifaa vilevile, na inasikitisha kwamba tumezoea kukiita kitanda cha maskini.

Kiti cha enzi kiko upande wa pili wa ngazi hiyo. Ni kile kiti kirefu cha mti mweusi, chenye pahala pa kuwekea miguu, kilichotiwa vipande vya mfupa au pembe za ndovu, ambacho majumba makubwa ya Lamu, Pate na Siu yalikiweka kwa ajili ya mgeni wa heshima. James de Vere Allen alikiandikia makala katika jarida la African Arts mwaka 1989, na suala la asili yake limewapeleka wasomi Misri, Ureno na India. Mjadala huo una utamu wake, ila umetufanya tukitazame kwa mbali, kama umbo, badala ya kukiinamia. Ukikiinamia utaona kwamba ni fremu ndani ya fremu: vipande vilivyonyooka, vingine vyembamba, vinavyokutana kwa pembe mraba mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu kwa kutupa jicho, na nafasi zilizobaki zimesukwa kwa uzi. Pembe hizo zimeshikwa kwa ndimi na vigingi. Ukizingatia ugumu wa mti kama mpingo, ambao ni mzito kuliko maji na ukitupwa ndani yake huzama, utaelewa kwamba hapakuwa na njia ya mkato: msumari hupinda kabla haujaingia, au huingia na kuupasua. Kutoboa tundu kwenye mti wa namna hiyo kwa keekee inayozungushwa kwa uta, kisha kulinyoosha kwa patasi hadi ulimi ukae bila kucheza, ni saa nyingi kwa kiungo kimoja. Hiyo ndiyo enzi ya kiti kile. Mfupa na pembe viliongezwa baadaye.

Na milango nayo tumeitazama upande mmoja. Tunaijua kwa nakshi, kwa minyororo na mayungiyungi, kwa vichwa vya shaba. Kitabu cha picha juu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, hakikosi kurasa za milango. Lakini mbawa zile nzito haziningʼinii kwenye bawaba. Kila ubawa una vichwa vya mviringo juu na chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya vizingiti, na uzito wote unashuka ardhini badala ya kuning'inia kwenye skrubu. Miimo na vizingiti navyo vimeingiliana kwa ndimi. Nakshi imeongeza uzuri, bila shaka, na wachongaji wake wanastahili kila sifa. Ila mlango usingefika karne ya pili kwa sababu ya ua lililochongwa juu yake.

Hapa ni lazima niwe mkweli kuhusu neno moja linalorudiwa sana na wauzaji: kwamba samani nzuri haina msumari hata mmoja. Wazee wetu hawakuwa na chuki hiyo. Jahazi limepigiliwa misumari mirefu ya chuma, na milango ileile ya Unguja ina misumari inayofunga mbao za ubawa kwenye mataruma yake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, ulikuwa wa namna nyingine, na vyombo vya namna zote mbili vilisafiri bahari moja. Kwa hiyo usinunue kiti kwa sababu tu umeambiwa hakina msumari. Kinaweza kuwa kimebandikwa kwa gundi tupu, na hapo afadhali msumari. Cha kuuliza ni chuma au mti huo umepewa kazi gani. Msumari unaoshikilia kitu mahali pake ni msaidizi halali. Msumari uliopewa kazi ya kubeba uzito wa mtu anayeegemea nyuma, katika hewa ya chumvi inayoula kila mwaka, umepewa kazi isiyo yake.

Sasa, kama elimu hii ni nzuri kiasi hiki, mbona inatutoka? Tufanye hesabu ya karakana. Tuseme kiti cha kulia chakula kina mbao nne za fremu chini ya kikalio, tatu za kuunganisha miguu chini, na mbili za egemeo. Kila ubao una ncha mbili, kwa hiyo ni viungo 18. Tuseme fundi mzoefu anatumia nusu saa kupima, kukata ulimi, kuchimba tundu na kulinganisha. Ni saa tisa kwa kiti kimoja, na saa 54 kwa seti ya viti sita, kabla hajashika msasa. Fundi wa karakana ya pili anakata mbao zilezile bapa, anatia gundi nyeupe, anapiga misumari miwili kila ncha, anaziba vichwa vyake kwa unga wa mbao, na amemaliza viungo vyote vya seti nzima kabla ya adhuhuri. Viti hivyo vikipakwa vanishi na kupangwa barabarani, Keko ya Dar es Salaam au Ngong Road ya Nairobi, hakuna mpita njia anayeweza kuvitofautisha. Vinafanana, vinanukia vilevile, na kimoja ni ghali. Mnunuzi anachagua cha bei rahisi, naye ana haki, kwa kuwa kwa macho yake hakuna alichokosa. Fundi wa kwanza hawezi kurudishiwa saa zake 54. Mwezi ujao atafupisha ulimi, mwezi wa tatu ataacha kuuchonga, na mwanafunzi wake hatauona kamwe.

Makochi ndiyo yaliyofikisha jambo hili ukingoni. Sebule ya leo ni kochi, na kochi ni fremu iliyofunikwa sponji na kitambaa tangu kichwa hadi nyayo. Hapo hata mnunuzi makini hana pa kuchungulia. Matokeo yake kila mtu anayajua: mikono ya kochi inaanza kucheza, sehemu ya kati inazama, na baada ya miaka michache linauzwa kwa bei ya kutupa. Kitambaa kingali kizuri. Ndiyo maana nasema tusiwaseme mafundi kwa wepesi. Soko lisiloona haliwezi kulipa, na fundi asiyelipwa kwa uaminifu wake hawezi kuudumisha kwa sala peke yake.

Wapo watakaosema gundi za kisasa zimemaliza mjadala, kwamba gundi nyeupe ya dukani ina nguvu kuliko mbao zenyewe. Kwa mbao zilizolala sambamba, kama zile zinazounganishwa ubavu kwa ubavu kutengeneza bao la meza, ni kweli tupu. Ukizivunja zitapasuka pembeni mwa gundi. Lakini mguu na fremu ya kiti havilali sambamba, hukutana kwa kukingamana, mmoja ukipanuka kwa upana ambako mwingine haupanuki. Gundi ngumu kati ya mbao hizo mbili husukumwa na kuvutwa kila masika na kila kiangazi. Ikiachia kwenye ubao uliobandikwa tu, kiti kimeanguka na aliyekikalia. Ikiachia ndani ya tundu lililochimbwa barabara, ulimi bado umo, mabega bado yamebana, na mwenye kiti anasikia mlio siku nyingi kabla ya hatari. Mafundi wa zamani waliotumia gundi ya ngozi na kwato walikuwa na faida nyingine: kwa joto na unyevu gundi hiyo huyeyuka, kiungo kikafunguliwa na kutengenezwa bila kuvunja kitu.

Hoja ya bei ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza katika nchi ambazo familia nyingi hununua kitanda kwa awamu. Kumwambia mwalimu aliyeajiriwa jana anunue kiti cha saa tisa ni rahisi kwa mwandishi wa gazeti. Lakini bei ya samani haipo kwenye risiti peke yake. Kiti kinachouzwa nusu ya bei na kufa baada ya miaka minne kimekuwa ghali kuliko cha bei kamili kinachoishi arobaini, na anayelipa tofauti hiyo mara nyingi ni yule asiye na uwezo, kwa kuwa tajiri hununua mara moja. Tena kiungo kizuri hakidai mti wa kifahari. Mbao za paini za shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, zinazodharauliwa kwa ulaini wake, hupokea ulimi na tundu kwa urahisi mkubwa, na patasi huzipenda. Mimi ningekichagua kiti cha paini kilichoungwa vizuri kuliko cha mninga kilichopigiliwa, kwa bei ileile au hata zaidi. Na ningemshauri anayeanza maisha anunue vitu vichache zaidi: meza moja ya kweli kabla ya seti nzima ya uongo.

Kutoka hapo tunafika kwenye misitu, ambako wengi wangetarajia hoja yangu ianguke, kwa madai kwamba samani za kifahari ndizo zinazomaliza miti. Ni kweli kwamba miti yetu ya heshima imo hatarini kiasi cha kufuatiliwa na dunia. Jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia mwaka 2017, na katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 zikafuatia jamaa za mninga, za mkongo na za mkangazi zinazoota Afrika. Mpingo husemwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Lakini swali la haki ni kila mti uliokatwa umetumika miaka mingapi. Mninga ulioota miaka themanini ukageuzwa kitanda kinacholegea katika mwaka wa tano umepotea mara mbili, msituni na chumbani. Ukiungwa ukadumu kama ulivyoota, msitu umepata muda wa kuotesha mwingine. Wanaotetea misitu na wanaotetea ufundi wako upande mmoja, ingawa ni mara chache wanakaa meza moja.

Kuhusu mashine, sina ugomvi nazo. Tundu lililochimbwa kwa mashine ni tundu, na ulimi uliokatwa kwa msumeno wa umeme ni ulimi. Zile nusu saa za mfano wangu hushuka hadi dakika chache. Kinachofanya samani iitwe ya mkono, kwa maoni yangu, ni hukumu ya anayeitengeneza: kuchagua ubao usio na fundo pale ulimi utakapokuwa, kusoma nyuzi zinaelekea wapi, kukataa mbao mbichi. Hilo la mwisho ni la kusisitiza, kwa sababu kiungo bora kabisa kilichochongwa kwenye ubao usiokauka kitalegea. Ulimi utasinyaa ndani ya tundu lake na kucheza. Karakana nyingi hununua mbao zilizotoka kupasuliwa na kuzifanyia kazi wiki hiyohiyo, kwa kuwa mteja anataka haraka. Kuzipanga mbao kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, na kuziacha miezi zikauke ni mtaji uliolala, na hakuna benki inayomkopesha seremala mdogo pesa ya kusubiri.

Serikali zetu ndizo wanunuzi wakubwa wa samani, na hapo ndipo mabadiliko ya haraka yangeweza kuanzia. Tanzania ilipofuta ada na michango ya shule mwaka 2016, wanafunzi walifurika na kampeni ya madawati ikaendeshwa nchi nzima, mengine ya mbao tupu, mengine ya fremu za chuma. Ilikuwa kazi njema na watoto waliinuka sakafuni. Hata hivyo, kilichotangazwa wilaya kwa wilaya kilikuwa idadi. Masharti ya zabuni yangetaja kiungo, kina cha tundu, ukavu wa mbao na dhamana ya miaka kumi, karakana zingejifunza upya ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu zingelipwa kujifunza. Vyuo vya VETA vya Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vina walimu wanaojua kuufundisha ulimi na tundu. Wahitimu wao hawaukosi ujuzi wanapotoka darasani. Wanaukosa baada ya miezi sita mtaani, wanapogundua kwamba hakuna anayeununua.

Basi ewe unayejiandaa kununua meza au kitanda, nakuomba mambo machache. Kipindue kitu hicho mbele ya fundi, utazame pale mguu unapopokea fremu. Muulize ulimi una urefu gani, mbao zilikaa muda gani kabla ya kurandwa, na kiungo kikilegea kitafunguliwaje. Ukiagiza kochi, nenda ukalione kabla halijavishwa kitambaa. Fundi aliyefanya kazi kwa haki atafurahi kuulizwa, maana huenda amesubiri swali hilo miaka mingi, na akikujibu sawasawa, usimpunguzie bei.